Dada, Ni Mji Gani Una Kazi?

Kila mwezi, mara nyingi Ijumaa ya kwanza, alasiri, mimi husimamisha kazi zote saibani kwangu. Kama kuna mtu anataka kuchapisha barua ya chifu, anangoja. Kama kuna mwanafunzi amekwama kwenye fomu ya HELB, anangoja pia. Nafungua ukurasa wa Statistics Canada, shirika la takwimu la serikali ya Kanada, nateremka mpaka kwenye jedwali la miji, halafu nasoma polepole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani. Toronto. Montreal. Vancouver. Calgary. Edmonton. Ottawa. Winnipeg. Quebec. Windsor.

Mimi sijawahi kupanda ndege. Nimezaliwa Mboghoni, nikasomea Taveta, na Nairobi nimefika mara 4, mbili kati ya hizo zikiwa za hospitali. Theluji ninayoijua ni ile ya Kilimanjaro, inayoonekana asubuhi mapema kabla mawingu hayajaamka. Lakini niulize ni mji gani wa Kanada una vijana wengi wasio na kazi, nitakujibu bila kugusa simu. Najua hata saa: matokeo yakitolewa saa mbili na nusu asubuhi kwao Ottawa, huku kwetu ni saa tisa na nusu alasiri. Wakirudisha saa zao nyuma wakati wa baridi, inakuwa saa kumi na nusu.

Wateja wangu hudhani nabeti.

Kwa namna fulani nilikuwa nabeti kweli. Tuliweka nusu eka.

*

Mwaka 2022 mama aliuza nusu eka ya juu, ile isiyofikiwa vizuri na maji ya mfereji, ili mdogo wangu wa kiume aende kusoma Toronto. Mimi ndiye niliyejaza fomu. Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya kueleza kwa nini anataka kusomea usafirishaji wa bidhaa Kanada na si Kenya, na nikaiandika vizuri mpaka mwenyewe nikaamini.

Nataka jambo moja lieleweke: hakuna aliyetudanganya. Mwezi Juni na Julai 2022 ukosefu wa kazi Kanada ulikuwa asilimia 4.9, kiwango cha chini zaidi tangu waanze kuhesabu kwa mtindo huo mwaka 1976. Hoteli zilikuwa zinatafuta watu. Maghala yalikuwa yanatafuta watu. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ikaondoa kwa muda ile sheria ya mwanafunzi kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki nje ya chuo. Ilikuwa kama mtu amefungua lango la mfereji na kusema, chukueni maji mpaka yawatoshe.

Kaka yangu aliondoka Septemba. Kufikia Desemba alikuwa anafanya kazi usiku kwenye ghala moja Brampton, mji ulioshikana na Toronto, na mchana anasoma. Alinunulia mama tangi la maji. Akatuma pesa ya mabati. Halafu akatuma picha: yeye amesimama kwenye theluji, koti la manjano la kazini, meno yote nje.

Hiyo picha niliichapisha kubwa, nikaiwekea plastiki, nikaibandika ukutani juu ya printa. Chini yake nikaandika kwa herufi nyekundu: KANADA INAWEZEKANA. ULIZA HAPA.

Watu wakauliza. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, Taveta hujaa mpaka unapita kwa bega. Kina mama na ndizi zao, wachuuzi kutoka Tanzania waliovuka Holili, malori ya kwenda Mombasa, makuli, watalii wawili watatu waliopotea. Katikati ya hayo yote vijana walikuwa wanaingia saibani, wanaangalia ile picha, wanashusha sauti kama walio kliniki: "Dada, hii mambo ya Kanada inaendaje?"

Nilikuwa natoza shilingi 1,500 kwa fomu. Msimu ule nilinunua printa ya pili.

*

Sijui ni lini hasa maji yalianza kupungua. Kwenye mfereji unajua, kwa sababu jirani wa chini anakuja kupiga kelele. Kwenye simu hujui. Mtu anasema "niko sawa" mwezi wa kwanza, "niko sawa" mwezi wa pili, na wa tatu anasema hivyo hivyo ila hapigi, anaandika.

Ndipo nilipoanza kusoma jedwali. Mwanzoni nilikuwa naangalia namba moja tu, ya nchi nzima. Kaka akanicheka. "Dada, Kanada si nchi moja, ni miji. Ni kama uulize bei ya ndizi Kenya. Wapi? Taveta shambani au Kongowea sokoni?"

Basi nikajifunza kusoma miji. Nikagundua kwamba namba ya mji haichukuliwi kwa mwezi mmoja. Ni wastani wa miezi 3, kwa sababu mji ni mdogo kuliko nchi na mwezi mmoja unaweza kukudanganya. Hilo halikunisumbua kulielewa. Mama naye haamini bei ya Jumamosi moja. Anasubiri aone Jumatano, halafu Jumamosi nyingine, ndipo aseme ndizi zimepanda au zimeshuka.

Nikajifunza pia kwamba kila mji una tumbo lake. Ottawa hula kwa mkono wa serikali kuu. Serikali ikibana bajeti, mji unasikia. Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, hutengeneza magari; Marekani ikipiga chafya kwa ushuru, Windsor inalala kitandani. Calgary ni mafuta. Mafuta yalipoporomoka bei kuanzia 2014, mji ule ambao kila mtu aliukimbilia ulijikuta, kufikia mwisho wa 2016, na zaidi ya asilimia 10 ya watu wasio na kazi. Na Toronto, kwa sababu ni mkubwa na ndio mlango, huingiza watu kila siku wawe na kazi au wasiwe nayo.

Hapo ndipo kaka yangu alikuwa, mlangoni.

Mwaka 2023 na 2024 watu Kanada waliongezeka haraka kuliko kazi. Serikali yenyewe ikashtuka. Januari 2024 ikaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni. Mwezi huo huo, pesa ambazo mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba anazo za kujikimu zikapandishwa kutoka dola 10,000 hadi 20,635. Mwisho wa Aprili ile ruhusa ya kufanya kazi saa zozote ikaisha. Lango likafungwa nusu, na waliokuwa wameshaingia wakabaki kugombania maji yaliyopo.

Kaka alimaliza chuo Aprili hiyo hiyo. Akapata kibali cha kufanya kazi cha miaka 3. Cheti anacho, kibali anacho, Kiingereza anacho. Kazi hana. Ajenti aliyekuwa akimtumia ujumbe wa zamu kila jioni alinyamaza. Kila alikopeleka barua aliulizwa kama ana uzoefu wa Kanada, na yeye anajiuliza: kubeba maboksi usiku kucha miaka miwili katika baridi hiyo, ulikuwa uzoefu wa wapi?

Akaanza kupeleka chakula kwa baiskeli. Wiki moja ya barafu alifanya saa 3 tu. Ijumaa ilipofika nilikuwa nimeshasoma maelezo ya chini ya jedwali, yale ambayo watu hawasomi, nikampigia.

"Unajua wewe umeajiriwa?" nikamwambia.

"Na nani?"

"Wanasema mtu akifanya kazi ya malipo hata saa 1 kwa wiki wanayohesabu, huyo ana kazi. Wewe una 3. Wewe ni bosi."

Akacheka sana. Mimi nikacheka. Halafu akanyamaza, na ule unyamavu wa simu ya mbali ukaingia, ule wa kukufanya uangalie kama mtandao umekatika.

"Dada, leo nilienda kupanga foleni ya chakula cha bure. Tulikuwa wengi. Kuna mzee Mkenya pale alinitambua kwa kuongea, nikajifanya Mjamaika." Akapumua. "Usimwambie mama."

Sikumwambia.

*

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu, na ndiyo sababu naandika.

Sikumwambia mama. Lakini pia sikuitoa picha. Kaka yangu alikuwa analala chumba cha chini ya ardhi na wenzake 5, magodoro mawili kwa zamu, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya meno yake yote nje, nikipokea shilingi 1,500. Nilijiambia nauza huduma ya kujaza fomu, siuzi ahadi. Mwenye printa haulizwi kilichoandikwa kwenye karatasi.

Kulikuwa na kijana wa boda kutoka kwetu Mboghoni, mtu ambaye alikuwa akinipeleka nyumbani usiku bila kunidai kama sina. Alikuwa amempa wakala mmoja wa mjini pesa za pikipiki yake, pikipiki aliyomaliza kuilipia mkopo juzi tu. Viza ikakataliwa. Wakala akabadilisha namba. Kijana akaja saibani, akasimama mbele ya picha muda mrefu, helmeti mkononi bila pikipiki.

"Dada, na huyu wenu alipitia wapi hadi akafaulu?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu. Ningesema, huyu wetu jana amekula mkate na maji ya mfereji wa chuma. Badala yake nikasema, "Ni Mungu tu."

Akatikisa kichwa, akaenda. Mungu alisingiziwa siku hiyo, nami nikaendelea kulipa kodi ya duka.

*

Katikati ya 2024 kaka alihama. Tangu 2022 serikali ya mkoa wa Alberta ilikuwa imetangaza huko Toronto na Vancouver ikiwaita watu waje: nyumba rahisi, kazi ipo. Watu wakaitika kweli. Mwaka 2023 pekee idadi ya watu Alberta iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 4. Kaka alipata lifti ya Mkongo mmoja wa Bukavu aliyekuwa anahama na familia yake, wakagawana mafuta, wakaendesha siku 3, zaidi ya kilomita 3,000, wakiongea Kiswahili njia nzima. Alinitumia ujumbe wa sauti kutoka mahali ambapo alisema hakuna kitu, ni nyasi na mbingu. "Dada, hapa ni kama Maktau," akasema, "ila ndovu hakuna."

Edmonton haikuwa mbingu. Kila aliyesikia tangazo alikuwa amefika kabla yake. Lakini yule Mkongo alikuwa na mke anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, na mke ndiye aliyemwambia maneno ambayo hakuna jedwali lililoniambia wazi: "Mafuta yanapanda na kushuka. Magari yanauzwa na kukaa. Uzee hauna msimu."

Ukiangalia vizuri takwimu za miaka ile utaona hivyo. Maduka na viwanda huajiri na kufuta. Hospitali na nyumba za wazee huendelea kutafuta watu, kwa sababu kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kinazeeka chote pamoja. Kaka akasomea kozi fupi ya uhudumu wa afya, akiosha vyombo kwenye mkahawa ili ailipie. Sasa anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Anawageuza kitandani, anawaosha, anawasikiliza. Kijana ambaye nyumbani hakuwahi kumshika bibi mkono kuvuka mfereji.

Pesa anazotuma ni kidogo kuliko zile za ghala. Lakini zinakuja.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Kwake, mwanawe alikuwa Toronto, kwenye koti la manjano, anacheka.

*

Mwaka 2025 mdogo wetu wa mwisho, msichana, akapata barua ya kukubaliwa chuo kimoja cha Toronto.

Nilikuwa najua namba. Msimu ule wa joto Toronto ilikuwa karibu asilimia 9. Windsor ilikuwa imepita 11. Nchi nzima ilifika 7.1 mwezi Agosti. Vijana wa miaka 15 hadi 24 waliotafuta kazi na kukosa walikuwa asilimia 14.6 mwezi Julai, na ukiweka kando kipindi cha korona, hawakuwa wamefika hapo tangu 2010. Na pesa ya kuonyesha ilikuwa inapanda tena kuanzia Septemba mosi: dola 22,895. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 2, kabla ya karo.

Kwa mama namba ilikuwa moja tu: eka moja iliyobaki. Ile ya chini, yenye maji, yenye mikono ya tembo na kisukari, ambayo babu aliifyeka mwenyewe. Dalali alikuwa ameshapata mnunuzi.

Jumamosi moja ya soko, mama aliuza ndizi zake mapema, akaja saibani na kikapu. Akanipa flashi aliyopewa na dalali. "Nitolee hizo karatasi nakala tatu, mama," akaniambia. Yeye huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikafungua faili. Mkataba wa kuuza shamba. Jina la mama, namba ya kitambulisho, mipaka: mfereji upande huu, mwembe upande ule. Mahali pa sahihi palikuwa na nukta nyingi.

Nimechapisha mikataba mingi maishani. Mikataba ya pikipiki, ya vyumba, ya ndoa zilizovunjika. Kidole changu kiligoma. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, anaipepea shingo kwa leso, anaiangalia ile picha na kutabasamu.

"Printa imeharibika," nikamwambia.

Printa ya pili, ile niliyonunua na pesa za fomu, ilikuwa inawaka taa ya kijani mbele yake. Mama hajui kusoma taa za printa. Au anajua. Alichukua kikapu chake akasema atarudi Jumatano.

Usiku ule nikampigia kaka. Kwake ilikuwa mchana, alikuwa ndiyo ameamka kwa zamu.

"Umwambie wewe," nikasema, "au nitamwambia mimi."

"Dada, atalia."

"Alie akiwa na shamba."

*

Alimpigia Jumapili baada ya kanisa, kwa video, sisi watatu tumekaa chini ya mwembe. Alimwambia yote: ghala kunyamaza, baiskeli, foleni ya chakula, magodoro, siku 3 za barabara, wazee anaowaosha. Alizungumza haraka kama mtu anayevuka barabara. Mimi nikaongeza sehemu yangu, kwamba nilijua tangu mwanzo.

Mama hakulia. Kwanza aliuliza, "Na ulikuwa unakula nini, baba?" Kaka akashindwa kujibu.

Halafu akauliza kuhusu picha.

"Ilipigwa wiki ya kwanza ya kazi, mama. Wakati ule nilikuwa nacheka kweli."

Mama akanyamaza. Kuku wakapita. Akajifunga leso upya, jambo ambalo hufanya akitaka kusema neno zito.

"Mimi nikitaka kupeleka ndizi Mombasa," akasema, "siulizi dalali mmoja. Namuuliza wa lori, namuuliza aliyerudi jana, namuuliza na yule aliyepata hasara. Nyinyi watoto wangu mlinipa dalali mmoja. Tena mlimbandika ukutani."

Hakuna aliyenisuta hivyo tena, na sidhani kama kuna haja.

Nilitegemea baada ya hapo mdogo wetu atasema basi, haendi. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumfariji. Lakini yeye alikuwa ametulia muda wote, anachora mchangani kwa kijiti. Alipoinua kichwa hakuniuliza kama aende au asiende.

"Dada, ni mji gani una kazi?"

Nikaona kwamba miaka mitatu nimekuwa nikisoma lile jedwali kama mtu anayesoma habari za mgonjwa, kujua kama kaka amepona au amezidiwa. Huyu alikuwa anauliza kama mkulima: maji yako upande gani?

Nikachukua simu, tukasoma pamoja. Nikamwonyesha kwamba jiji la Quebec huwa chini kabisa ya Toronto kwa ukosefu wa kazi, mwaka baada ya mwaka, lakini lina mlinzi mlangoni: Kifaransa. Nikamwambia kuhusu kazi za wauguzi na wahudumu, na kwamba kozi zake hata huku zipo. Kaka akaingilia kutoka Edmonton: "Na ujue namba si chumba. Mji unaweza kuwa na kazi na kodi ya nyumba ikaila yote." Mama akauliza Kifaransa kinauzwa bei gani.

Kumbe ni bure, au karibu bure. Mke wa yule Mkongo sasa humpigia mdogo wetu kila Jumanne kwa WhatsApp. Wanaanza kwa Kiswahili, cha Bukavu na cha Taveta, wanachekana kwanza, halafu wanaingia Kifaransa. Asubuhi namsikia akihesabu mikungu kwa lugha hiyo akiwa shambani na mama: un, deux, trois. Dalali wa ndizi anadhani amerogwa.

Barua ya chuo cha Toronto ilipita muda wake. Labda ataenda Kanada mwaka mwingine, kwa njia nyingine. Labda atasomea uuguzi hapa na asiende kokote. Sijui, na safari hii sijifanyi kujua. Shamba lipo. Wiki iliyopita ndovu walishuka usiku wakakanyaga migomba 11, na mama alisimama katikati ya uharibifu akasema kwa sauti, "Bora hawa, hawataki sahihi."

*

Picha niliitoa. Nilimpa mama, ameiweka ndani, mahali pa picha za watoto. Pale ukutani sasa kila mwezi nabandika karatasi mpya: majina ya miji kwa mstari, namba ya mwezi huu, namba ya mwaka jana mwezi kama huu, na pesa unayotakiwa kuonyesha. Chini nimeandika maswali 3: Utafikia kwa nani? Utakula nini miezi 6 ya kwanza? Ukikosa, utarudia nini?

Biashara ya fomu imeshuka, sitasema uongo. Wengine husoma, wakaondoka kwenda kwa saiba ya jirani ambayo ina picha ya ndege. Lakini kuna wanaobaki. Kuna msichana mmoja alisoma maswali yale yote, akanijibu moja baada ya jingine bila kusita, nikamjazia fomu kwa moyo mmoja. Kanada inawezekana. Ni kweli. Sikuwahi kuandika uongo kwenye ile picha, niliandika nusu.

Yule kijana wa boda naye amerudi. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu jioni. Nilimwomba msamaha, nikamweleza ile siku kaka alikuwa anakula nini. Alinisikiliza bila kunisaidia, ambayo ilikuwa haki yake. Ijumaa iliyopita aliingia akasimama tena pale pale, helmeti mkononi, akasoma karatasi kutoka juu mpaka chini.

"Dada, na Taveta iko wapi hapa?"

"Haimo. Hii ni ya Kanada."

"Na sisi nani hutuhesabu?"

Nikamwambia wapo. Nikamfungulia ya KNBS: mwaka 2024 Kenya ilipata kazi mpya 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Jua kali. Akahesabu kichwani, akaona ni kazi 9 katika kila 10.

"Kumbe nimo," akasema.

"Umo. Mama yangu ndiye hayumo. Hesabu hiyo haichukui wakulima wadogo."

Akageuka kuangalia nje. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kivuli, anapakia mikungu kwenye lori la Mombasa, amemkunjia shati mtu wa mizani na kumwambia apime tena. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Kule Kanada, saa 1 tu ya kazi kama ile ingemtosha kuitwa mwajiriwa.

"Hayumo?" akauliza kijana.

"Hayumo."

Akavaa helmeti. "Hao hawajui kuhesabu," akasema, akatoka, kwa sababu mama alikuwa ameshamaliza ubishi wake na mizani na anamwita ampeleke nyumbani.